Kumlia Bwana Fulani

Jabe, Bujumbura, 3 Juni 2023

Tantine Spéciose,

Nakuandikia mbiombio kabla Mama Bahizire hajafunga magunia yake, maana yule mama akishaanza safari ya mpakani Gatumba hamngoji hata askofu. Mi mzima. Mafuta hakuna mjini, magari yamelala, watu wote tumekuwa wanariadha. We na goti lako?

Sasa keti. Umekaa? Nimeitwa Kiriri, kwa matajiri! Si kufua, si kupika: kucheza! Kuna mama anaitwa Madame Elsa, Mrundi mwenzetu aliyekulia Ulaya, ana galerie, yaani nyumba nzima ya kutundika picha ukutani na kuziangalia. Alishuka Jabe kununua vitenge akanikuta mbele ya duka la Zayd nikimlia Bwana Fulani. Alisimama mpaka mwisho, jua la saa sita, kichwa wazi. Akaniuliza, "Hii umesomea wapi?" Nikamwambia, "Kwenye vilio vya watu, Madame." Anataka niifanye kwake, Jumamosi ya tarehe kumi na saba.

Hujawahi kuiona, kwa hiyo nikueleze. Naweka kiti kitupu, juu yake kofia. Nasema: wapendwa, leo tunaganduka, leo tunamaliza kilio cha Bwana Fulani, na familia ni ninyi. Hapo nakamata watu. We muuza nyanya ni mjane. We dereva wa pikipiki ni mtoto wa nje, umekuja kutafuta baba. We mwenye tumbo ni yule mjomba anayekuja kwa ajili ya bia. Kisha naita kama inavyoitwa kwenye kila kuganduka: "Mwenye neno na marehemu asimame!" Na nauliza nani alimuona mara ya mwisho. Jabe inapasuka! Kila mtu anatunga uongo wake, anayeshinda nampatia soda. Sheria ni moja. Lolote litakalosemwa mi nalipokea, nacheka, na wote tunaitikia: "Ndivyo alivyokuwa!"

Najua unavyokunja uso. Utasema baba. Tantine, toka alipotoka asubuhi ile ya mwaka wa fujo na asirudi hatukumlia. Mama alimngoja mpaka akafa akingoja. Hakuna mwili, basi hakuna kilio, na bila kilio hakuna kuganduka, ndiyo desturi, mi sibishi. Lakini mi nabaki na kiti kitupu. Nikifanya watu wacheke mbele yake napumua kidogo. Niombee.

Joëlla wako


Uvira, 8 Juni 2023

Joëlla, binti ya kaka yangu,

Goti linauma kama kawaida yake. Barua nimeisoma mara mbili na mara zote mbili sikucheka.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Jabe wanakujua. Wanajua wewe ni wa Népomuscène fundi saa, wanajua kwa nini kiti ni kitupu, na wanapocheka wanakushika mkono. Hao wa Kiriri unawajua? Wanakaa na nani, wanafanya kazi gani, magari yao yalikuwa wapi mwaka ule? Unasimama mbele ya watu usiowajua unawaambia wewe ni familia, wewe ni familia. Nani anakaribisha familia asiyoijua?

Na hilo swali, nani alimuona mara ya mwisho, Yesu wangu. Mimi nililiuliza swali hilo mji mzima kwa miguu. Niliuliza kwenye milango ambayo mtu hapaswi kugonga, mpaka wakaja kuniuliza na mimi kwa nini nauliza. Ndiyo maana niko Uvira nauza sabuni, ndiyo maana sitaki habari hizi kwenye simu. Wewe sasa unaliuliza kwa mchezo, na soda juu!

Ukienda, na najua utakwenda kwa sababu kichwa chako ni cha baba yako, basi toa swali hilo. Waulize alikuwa anapenda kula nini. Chakula hakijawahi kumkamatisha mtu.

Shangazi yako,
Spéciose


Jabe, 19 Juni 2023

Tantine,

Nimefanya. Nikuelezee polepole.

Kwanza hawakucheka. Nilivaa gauni jeusi na kile kilemba kikubwa, nikaingia nikipiga yowe la kilio, lile linalowaangusha watu sokoni. Wakasogea pembeni kunipisha! Wamesimama na glasi zao, wananiangalia kama picha nyingine ya ukutani. Mzungu mmoja alisoma karatasi iliyobandikwa kando ya kiti, akakiangalia kiti, akasoma tena. Mama mmoja aliuliza kiti ni bei gani. Nikamkamata bwana mnene nikamwambia we ndiye mjomba wa bia, akamtazama Madame Elsa kwanza, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Kila mtu alikuwa anasubiri mwenzake aanze kucheka. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye viatu.

Na ukimya ule ndio uliniharibia, Tantine. Mi nilikuwa nimekusikia, kweli tena. Nilipanga kuuliza chakula. Nikauliza, wakajibu: wali, samaki, mmoja akasema chocolat. Hakuna hata jino lililoonekana. Basi nikafanya anavyofanya kila mchekeshaji anayezama, nikashika kile ninachokijua. Nikaita: "Mwenye neno na marehemu asimame! Nani alimuona mara ya mwisho?"

Akasimama bwana mmoja wa makamo, suti ya kijivu, saa nzito mkononi. Alikuwa amekunywa lakini si mlevi. Akasema kwa Kiswahili chetu kabisa cha mitaani:

"Mi ndiye nilimuona mara ya mwisho. Tulimkuta njiani asubuhi, tukamwambia, mzee, panda gari. Akasema, ngojeni kidogo. Akainama, akavua viatu. Tukamwuliza, we mzee, unafanya nini? Akasema, gari yenu ni safi, sitaki kuichafua. Akavipanga pale kando ya barabara, kimoja na kingine, vizuri, akapanda na soksi. Na sisi tukaondoka."

Galerie ilipasuka! Ndiyo mara ya kwanza walicheka usiku ule, walicheka mpaka glasi zikamwagika, simu zikanyanyuliwa kumrekodi. Na yeye akacheka, akiangalia chini. Wote wakanigeukia mi. Wananingoja.

Nikacheka, Tantine. Nikasema, "Ndivyo alivyokuwa!" Wote wakaitikia.

Baba alikuwa akivua viatu hata kwenye duka la watu. Lakini vile viatu kando ya barabara uliviokota we peke yako, ukavifunga kwenye mfuko, ukanionyesha mi tu, ukasema hata mama asijue. Niambie. Kuna mtu mwingine ulimwambia?

Joëlla


Uvira, 21 Juni 2023

Joëlla,

Sikumwambia mtu. Tulijua mimi na wewe na Mungu, na waliokuwa ndani ya gari.

Sitaki jina lake, usiliandike kwenye karatasi. Chukua kitambulisho chako na nguo za kubadilisha, uje na Mama Bahizire mwenyewe kesho kutwa. Usimuage mtu. Usimwambie Madame wako. Ukiulizwa mpakani unakuja kununua vitenge.

Kaka yangu alipanda gari lile akiwa na adabu zake zote. Wewe usipande.

Spéciose


Jabe, 27 Juni 2023

Tantine,

Utanipiga, lakini siji. Bado.

Alikuja hapa. Ijumaa, mchana kweupe, kwa miguu kama mtu wa kawaida. Alikaa kwenye benchi ya Zayd akaagiza chai, akanipa salamu za heshima. Jina nimeliacha kama ulivyosema, nitamwita Bwana Saa. Anafanya kazi kwenye ofisi moja isiyo na kibao mlangoni. Nilijua ananijua mi mtoto wa nani, kwa sababu hakuniuliza.

Alichokuja kutafuta ni hiki. Ile video imetembea. Wengine wanaicheka tu, lakini wakubwa wake wameiona na wao hawakucheka. Wamemwuliza: hayo uliyosema ni mchezo au ni kumbukumbu? Akawaambia ni mchezo, yale maneno alipewa na yule msichana, yeye aliyakariri tu. Sasa wanataka kumsikia msichana. Anataka niseme mbele ya simu yake kwamba maneno yale ni ya kwangu, niliyatunga mi, nikampa. Basi. Ameniomba, Tantine! Yule mutu aliniomba, mikono imeshikana magotini, na jasho juu ya mdomo.

Anasema niende kwake Kajaga Jumamosi ya tarehe nane. Atakuwa na wageni, wanataka kuuona mchezo, halafu tutarekodi hayo maneno kwa utulivu.

Nikamwuliza, "Na mi napata nini?" Akasema, "Unataka nini?" Nikamwambia nataka kujua Bwana Fulani amelala wapi. Aliikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Njoo Kajaga."

Unaona? Hakukataa. Miaka yote hii we uligonga milango, na leo mlango umekuja wenyewe kukaa kwenye benchi. Nikijua mahali tu, tutapeleka padri, tutamlia baba, tutaganduka kama watu. Nakubali hata awe muongo nusu. Mi naogopa, usidhani siogopi, nalala na kiti nyuma ya mlango. Lakini nitakwenda.

Joëlla


Uvira, 3 Julai 2023

Dada Joëlla,

Mimi ni Jérémie, jirani ya shangazi yako. Yeye hawezi kushika kalamu, ndiyo maana unaona mwandiko mwingine. Tangu Ijumaa ameanguka, upande wa kushoto hauchezi, chakula ni kwa kijiko. Jana alikuita jina mara nyingi. Daktari anasema kama kuna ndugu, aje sasa.

Anakusihi usingoje Jumamosi. Njoo.

Kwa mkono wa jirani,
Jérémie


Uvira, 7 Julai 2023

Tantine!

Mwongo mkubwa we! Nimefika nikiwa nimelia njia nzima, nimenunua na machungwa ya mgonjwa, nakuta kufuli. Jérémie ananipa ufunguo anaangalia pembeni. Eti umeondoka jana na miguu yako yote miwili, kwa boti ya wafanyabiashara, na kile kitenge chako cha kwenda misa. Mi nikipita Gatumba, we unapita ziwani. Hata mkosi wetu umepangwa vizuri!

Nilikuwa na furaha ya kijinga pale Gatumba, unajua? Nilikula hindi la kuchoma juu ya daraja, nikatania na mtu wa mihuri, kwa sababu nilijiambia nikifika mapema utapona. Na we ulikuwa mzima kama kengele.

Sasa nasema na mi nisikilizwe. Usiende Kajaga. Ile ni kesho. Mtu yule ananingoja mi, si we, na we alishakujua toka enzi za kugonga milango. Alinipa ahadi mi. Kama kuna wa kukaa mbele ya simu yake ni mi, kazi yangu ndiyo kusimama mbele ya watu na kusema uongo.

Mama Bahizire anavuka alfajiri. Akikukuta hai, rudi naye.

Joëlla


Jabe, 10 Julai 2023

Binti yangu,

Barua yako ilinikuta nimesharudi kutoka Kajaga. Nisikilize mpaka mwisho, kisha unitukane.

Ningekuacha uende, ungesema mbele ya simu kwamba maneno ni yako. Na kesho yake wakubwa wake wangekuuliza, sawa, ni yako, uliyatoa wapi? Hilo hukuliona. Yeye aliliona kabla ya kukaa kwenye benchi ya Zayd. Wewe uliona mlango, na mimi nikaona mtego.

Nilifika mchana. Nyumba nzuri, ukuta mrefu, wavuvi wanaanika samaki wadogo wa ndagala ng'ambo ya barabara. Wageni wake walikuwa bado. Aliponiona hakushtuka, akaniletea kiti mwenyewe. Nilimwambia, mimi ni dada ya Népomuscène, nitakupa unachotaka, lakini wewe ndiye unaanza.

Akaanza. Alisema mdomoni mwa mto Rusizi, upande wa Gatumba, penye matete. Alisema kaka yangu hakuwa peke yake. Alisema hakuwa na makosa yoyote, walikuwa wanatafuta mtu mwingine wa mtaa huo huo, na walipojua ilikuwa imeshapita. Nikamwambia, nionyeshe mahali, nipeleke msalaba. Akatikisa kichwa. "Mama, hakuna mahali. Yale maji ya mwaka wa elfu mbili na ishirini yalipanda yakabeba nyumba za watu, yakabeba na pale. Nilikwenda mwenyewe kuangalia. Ni ziwa tu."

Joëlla, ulipita hapo na hindi lako. Usijilaumu, hata mimi nimepita hapo nikihesabu mizigo ya sabuni.

Kisha ikawa zamu yangu. Akanyanyua simu. Nikasema: maneno yale aliyatunga mwana wa kaka yangu, bwana huyu aliyasema kama alivyofundishwa. Nilisema vizuri, ungejivuna. Akaniuliza, simu ikiwa bado macho, "Na yeye yuko wapi, aje aseme mwenyewe?" Hapo sikuwa nimejiandaa. Ulimi ulitangulia. Nikasema, "Ziwa limemchukua."

"Lini?"

"Jana. Alikuwa anavuka kwa mtumbwi kuja kwangu."

"Mwili?"

"Haujaonekana."

Akazima simu. Akaangalia ziwa kwa muda mrefu, nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetua gunia. Marehemu haulizwi alitoa wapi maneno yake, binti yangu. Mimi na yeye tulilijua hilo kwa pamoja, na nimeona aibu kujua kitu pamoja na mtu yule. Akasema, "Pole sana, mama. Tutakuja kwenye kilio."

Basi kilio lazima kiwepo; aliyechukuliwa na ziwa huliliwa hata bila mwili. Nimeshawaambia Jabe. Zayd amefunga duka, wanawake wamelala sebuleni kwako, wanalia, Mungu anisamehe, wanalia kweli. Jumamosi ijayo tutafanya maombi na neno la familia. Wewe usirudi. Usipige simu kwa mtu yeyote, hata akiwa rafiki wa damu. Uvira jiite Chanelle. Kuliko kungoja kwa mama yako mpaka kufa, bora huu uongo wangu. Nataka mtu mmoja wa nyumba yetu abaki anapumua.

Spéciose


Uvira, 12 Julai 2023

Tantine,

Umeniua bila kuniuliza!

Nimekutukana siku nzima, na Jérémie shahidi. Kazi yangu, jina langu, Jabe yangu! Zayd ananililia na mi nipo hapa nakaanga ndizi! Kila nikifikiria wale wamama sebuleni nataka kukimbia mpaka Gatumba nikipiga kelele mi mzima, mi mzima.

Halafu nakumbuka Gatumba ni nini, miguu inakataa.

Sina tena la kukutukana. Nakuomba kitu kimoja. Nisingekuwa nimekufa ningekifanya mi. Jumamosi ukisimama kusema neno la familia, usinililie mi. Mi nipo. Mlilie baba. Usitaje jina, sema tu alivyokuwa. Watu watajua ni mi unayenisema, acha wajue hivyo. Watu wa Jabe watajaa, kutakuwa na bia, kutakuwa na padri, na hajawahi kupata hata kimoja cha hivyo. Mpe kilio changu.

Na uniambie nani alikuja.

Yule yule


Jabe, 17 Julai 2023

Binti yangu,

Nimempa.

Uwanja ulijaa mpaka njiani. Madame Elsa alikuja na maua meupe, akalia kuliko wote, akasema ni kosa lake. Yule muuza nyanya aliyekuwa mjane wako wa mchezo alisimama akasema ulikuwa unamkopa nyanya kwa kicheko, watu wakaanza kucheka, kisha wakalia wakiwa bado wanacheka. Zayd, Mwislamu wa watu, alikaa mbele kabisa na padri, akashika msalaba mdogo wakati padri anafungua kitabu.

Ilipofika zamu ya familia nilisimama. Nikasema: huyu tunayemlia leo maji yalimchukua, hana kaburi. Nikasema alikuwa mtu wa adabu mpaka adabu ikamzidi. Nikasema kazi yake ilikuwa kurekebisha siku za watu, akishika kitu kilichosimama kinaanza kutembea. Nikasema aliondoka asubuhi na sisi hatukumuaga. Watu waliitika. Kwa mara ya kwanza toka mwaka ule nilihisi kaka yangu amekaa mahali, Joëlla, amekaa, hatembei tena kichwani mwangu akitafuta mlango. Nakushukuru kwa hilo, mwanangu. Ulikuwa na akili kuliko mimi.

Sasa lile baya. Alikuja. Suti ile ile. Alikaa mstari wa kwanza, akapewa bia kama mgeni wa heshima. Wengine wote walidhani nakusema wewe. Yeye nilimwona akiweka chupa chini nilipofika kwenye neno adabu.

Baadaye akaja kunipa mkono. Akaushika, hakuuachia. Akasema, "Umesema vizuri, mama. Lakini kwa huyu binti hukulia. Mi nimeona vilio vingi, namjua mtu aliyefiwa jana na mtu aliyefiwa zamani."

Nikamwambia machozi ya mzee huisha. Akasema, "Ndiyo, huisha." Akaaga watu vizuri. Bia yake aliiacha nusu.

Toka jana kuna kijana amekaa na pikipiki isiyo na mafuta ng'ambo ya mlango wako. Hafanyi lolote. Mimi sitoki, nikitoka nitamwonyesha njia. Wewe ondoka Uvira, shuka mpaka mji wa Baraka, Jérémie ana ndugu pale. Usiniandikie mpaka Mama Bahizire akuletee neno langu kwa mdomo.

Lia, mwanangu. Mimi nimeshindwa, lakini wewe lia.

Shangazi yako


Baraka, 2 Agosti 2023

Tantine,

Ulisema nisiandike, na Mama Bahizire hajaleta neno. Anasema mlango wa Jabe umefungwa, hakuna anayeitika, na ile pikipiki haipo tena. Zayd anasema hajui. Mi naandika hivyo hivyo, karatasi nitamwachia yeye mpaka ajue pa kuipeleka.

Naandika kwa sababu ya jana. Nilikuwa sokoni, kwenye safu ya ndagala, nimejifunga kitenge mpaka hapa usoni. Akaja mwanaume mmoja, kijana, viatu safi, hanunui kitu. Akasimama mbele ya ndoo yangu akatabasamu.

"Dada, we si yule wa kile kiti? Nilikuona Buja. Nilicheka mpaka mbavu!"

Nikamwambia, "Apana. Yule alikufa."

"Eh! Alikufa kweli?"

"Maji yalimchukua."

"Mnafanana sana lakini." Akatoa simu. "Basi cheka kidogo tu, nione."

Tantine, maisha yangu yote mtu akisema cheka mi nacheka. Nilisikia kicheko kinapanda chenyewe, kilishafika kooni. Nikamfikiria baba ndani ya gari lile na soksi zake, amekaa vizuri, anaogopa kuchafua. Nikakufikiria we nyuma ya mlango. Na badala ya kicheko kikatoka kitu kingine, sauti ambayo sijawahi kuifanya kwenye mchezo wowote, nikaanguka pale katikati ya ndoo.

Wamama wa soko walinizunguka papo hapo. Hawakuuliza mi nani. Mmoja alinishika mabega, mwingine akanifunga kitenge kiunoni kama wanavyofungwa waliofiwa, na mama mtu mzima muuza viazi akamgeukia yule kijana akamwambia, "We huna adabu? Unampiga picha mfiwa?" Wakamsukuma. Akarudi nyuma, simu mkononi, akisema pole, pole. Akatoka sokoni akishika njia ya kwenda Uvira.

Walilia na mi mpaka jioni. Waliniuliza ni nani aliyekufa. Niliwaambia ni baba, na wewe nikakuweka pembeni, Tantine, sijakulilia. Mama Bahizire akirudi bila neno lako nitajua la kufanya. Wamama wamesema watakuja kwenye kilio.

Mi